Kutoka inchi 30 hadi inchi 40: uzoefu wangu na mipira ya regulata

Ninaongoza wazamiaji Nungwi, kaskazini mwa Unguja, na kimo changu ni sentimita 157. Naanza na kimo kwa sababu siku niliyonunua regulata yangu ya kwanza, yaani chombo cha kupumulia majini, sikukifikiria hata kidogo. Ilikuja na mipira yake ya kupitishia hewa kutoka kiwandani: wa mdomoni inchi 30, yaani kama sentimita 75, wa akiba ule wa njano, wa kumpa aliyeishiwa hewa, inchi 36, yaani 90, na wa geji, kipimo cha hewa ya mtungi, kama 90 vilevile. Nikaivaa hivyo kwa miaka minne.

Taya ilikuwa inaniuma kila siku ya mizamo miwili, nikaona ndiyo kazi ilivyo. Kumbe ni mpira. Kwa mtu mfupi kama mimi, mpira wa 75 ukipita juu ya bega la kulia hauna pa kwenda. Unapanda, unafanya tao kubwa kando ya sikio, halafu ndiyo unarudi mdomoni. Mkondo wa bahari wa Mnemba, kisiwa tunakozamia, ukilikuta lile tao unalisukuma, na kila linaposukumwa, meno yanalazimika kung'ata zaidi. Mwenzangu ninayefanya naye kazi ni mrefu, anavaa mpira wa urefu uleule, na shida yake ni kinyume cha yangu: akigeuza shingo kushoto kumtazama mgeni, regulata inamvuta mdomo.

Lakini taya ningeivumilia. Kilichonifanya nibadilishe ni mzamo mmoja wa Kichwani, mahali pa kuzamia huko Mnemba. Tulikuwa mita 16, mgeni wangu ni bwana wa karibu mita mbili, akanionyesha geji: baa 40, hewa inaelekea kwisha, na anapumua kwa haraka. Sikutaka kusubiri. Nikampa ile ya akiba, nikamshika mkanda, tukaanza kupanda. Ule mpira wa 90 unatoka nyuma ya mgongo wangu, unapita chini ya mkono, ndipo unamfikia yeye. Ukiondoa safari hiyo yote, kinachobaki kati yake na mimi ni kama urefu wa kiganja na kigasha. Miguu yake mirefu ilikuwa ikipiga maji huku ananitoka, mimi navutwa ubavuni. Pale mita 5, katika zile dakika tatu ambazo mzamiaji husubiri kabla ya kutoka juu, regulata ilimtoka nusu mdomoni mara mbili. Mara zote mbili niliirudisha kwa kiganja changu. Tulitoka salama, akanishukuru, akala nanasi lake kwenye boti. Mimi usiku ule sikulala vizuri.

Ami yangu, aliyezamia tangu mimi niko skuli, ndiye aliyenionyesha namna ya kupima. Sikujua kwamba inapimwa. Aliniambia, "Vaa kila kitu, mwanangu, kama unaingia majini." Nikavaa jaketi la kuelea, mtungi mgongoni kwa kimo kilekile ninachoufunga siku zote, nikakaa ukingoni mwa barza. Akachukua kipande cha mshipi wa kuvulia, akabana ncha moja pale mpira unapoingia kwenye kichwa cha regulata, kile kinachofungwa mtungini, akaupitisha chini ya kwapa langu la kulia, akaukatisha kifuani hadi mdomoni. "Geuka kushoto. Kidevu kiguse bega. Sasa tazama juu, kama unatafuta boti." Kila nilipogeuka aliuachia mshipi kidogo, mpaka haukunivuta popote. Akafunga fundo. Tukaulaza kwenye futi ya fundi cherehani: sentimita 96.

Mipira hii inauzwa kwa vipimo maalumu, kwa hiyo 96 maana yake ni kununua wa 100, yaani inchi 40. Usichague ulio chini ya fundo. Sentimita nne zaidi utazisahau, nne pungufu utazisikia kila ukigeuza kichwa.

Hata hivyo sikuununua huo kwanza. Nilikuwa nimeshaona picha za watu wenye mpira wa mita 2.1, nikautamani, nikamwagiza mgeni aniletee. Mpira huo mrefu ulizaliwa kwenye mapango ya Florida, ambako njia ni nyembamba na watu wawili hawawezi kuogelea sambamba. Mmoja anatangulia, mwenzake anafuata nyuma huku wanapumua mtungi mmoja. Kwa kazi hiyo sioni kinachoushinda, na kwa anayeingia ndani ya meli iliyozama, kama ile Dania nje ya Mombasa, ningemshauri auvae. Mpira huo unashuka nyuma ya jaketi, unapita chini ya mkono wa kulia, unakata kifua kwenda kushoto, unazunguka nyuma ya shingo, unakuja mdomoni kwa upande wa kulia. Ukimpa mtu, unainamisha kichwa na mpira wote unafunguka.

Niliuvaa kwa miezi sita. Kwa umbo langu ulibaki na kitanzi kiunoni, na kwa kuwa sibebi taa kubwa ya pembeni ya kuushikilia, nilikuwa nauchomeka kwenye mkanda wa risasi, ule wa vyuma vizito vya kuzamishia. Siku moja tunafanya mazoezi na mwenzangu, nikampa regulata, mpira ukatoka nusu tu. Mkanda wa jaketi ulikuwa umeukalia. Nilikuwa nimevaa haraka kwenye boti, bahari inatikisa, wageni sita wananingoja, na sikuhakikisha. Mpira mrefu unadai dakika moja ya utulivu kila unapouvaa. Boti zetu hazinipi hiyo dakika, basi nikaukunja nikauweka.

Ndipo nikarudi kwenye fundo la Ami. Sasa hivi nina mpira wa inchi 40 unaopita chini ya mkono hadi mdomoni, na wa akiba ni wa inchi 22, kama sentimita 56, regulata yake ikining'inia chini ya kidevu kwa mkufu wa kamba ya kunyumbuka. Mtu akiishiwa hewa nampa ninayoipumua mimi, ile ninayojua kwa hakika inafanya kazi kwa sababu sekunde moja iliyopita ilikuwa kinywani mwangu. Mimi nainamisha kidevu, naichukua ya mkufuni. Kwenye boti kabla ya kushuka nawaonyesha wageni wote, maana wengi wamefundishwa kutafuta ya njano ubavuni.

Umeshapita mwaka wa pili. Taya haiumi. Tao kando ya sikio halipo, mpira umelala kifuani. Nimewahi kumpandisha mgeni mwingine kwa hewa yangu tangu pale, dada mmoja aliyemaliza mapema, tukakaa mita 5 tukitazamana bila kuvutana. Nafasi baina yetu haikuwa kubwa, ila ilitosha.

Kasoro ipo, nami niiseme. Mpira unaotoka chini ya mkono unafika mdomoni kwa kupinda, kwa hiyo unahitaji kiwiko, ama cha nyuzi 90 ama kile kinachozunguka. Bila kiwiko utakupindulia regulata. Na kila kiwiko kina oringi zake, vile vipete vya raba vya kuzuia hewa, yaani sehemu zaidi za kuvuja. Changu kilianza kutoa vipovu baada ya miezi minane, nikabadilisha oringi, kikatulia. Wiki za mwanzo mpira wenyewe ulikuwa mgumu pia.

Niliagiza wa raba ya kawaida, si wa kusukwa. Wa kusukwa ni mwepesi, unakunjika kama kamba, na naelewa kwa nini watu wanaupenda. Lakini baadhi ya mipira hiyo imeonekana kuharibika kutoka ndani, chembe ngumu zinajijenga na kuzuia hewa huku nje panang'aa. Ukiwa nao, usiuache juani kwenye sitaha, na ukiona hewa inakuja kwa kubana, uutoe kabisa. Raba ikizeeka angalau inakuonyesha nyufa, mradi usukume ile soksi ya plastiki shingoni mwake na utazame chini yake. Hapo ndipo nyufa hujificha.

Wa geji wa 90 niliubadilisha kwa wa 60, naubana kwenye pete ya nyonga ya kushoto. Ule wa zamani ulikuwa unaburuta geji juu ya matumbawe nyuma yangu, na mimi huyohuyo ndiye ninayewaambia wageni wasiguse kitu. Watu huogopa sana mpira wa geji kupasuka kwa kuwa umebeba shinikizo lote la mtungi, kumbe tundu linalouingizia hewa ni dogo mno, hewa hutoka taratibu. Unaomaliza mtungi kwa dakika chache ni huu wa mdomoni, wenye kubeba kama baa 10 tu. Basi huo ndio wa kuukagua kwa jicho kali.

Kuufunga mpira mpya si kazi. Funga hewa ya mtungi, bonyeza regulata hewa yote itoke, fungua mpira wa zamani kwa spana. Wa mdomoni na wa geji nyuzi zake hazifanani, kwa hiyo ukiona hauingii kwa vidole, usiulazimishe. Kaza kwa mkono, malizia kwa spana kidogo tu. Kisha fungua hewa, tumbukiza kichwa cha regulata kwenye ndoo ya maji, usubiri. Ukiona kipovu kimoja kinachorudi palepale, funga hewa, uufungue mpira uanze upya.

Kwa sasa umebaki mpira wa kujazia jaketi, ambao bado ni ule wa kiwandani na unanipiga shavuni nikitazama chini. Nimeshaupima kwa mshipi. Fundo limeangukia 53, kwa hiyo nitaagiza wa inchi 22.