Uzoefu wangu na kampuni ya vifurushi ya Dar–Pangani: juzuu za hitma ya Bi Posta

Kampuni siitaji jina. Ni hawa wanaopokea mizigo Dar, wanaipeleka Tanga mjini halafu wanaunganisha na gari ya Pangani. Nimeshawatumia mara nyingi na sijawahi kuandika chochote, leo naandika kwa sababu ya neno moja nililoambiwa kwenye simu na mpaka sasa halijanitoka kifuani.

Mwishoni mwa Shaabani tulifiwa na Bi Posta. Alikuwa na jina lake la kuzaliwa lakini kwetu hakuna aliyelitumia, mtoto wa chekechea mpaka imamu, wote Bi Posta. Alikuwa karani pale dirishani Pangani mjini tangu enzi za Posta na Simu, walipotenganishwa mwaka 1994 simu wakaenda kwao yeye akabaki na barua zake, na nyumbani kwake ni kijijini kwetu, ng'ambo ya mto. Kwa hiyo kila jioni akivuka na pantoni anavuka na barua za watu kwenye kikapu cha ukili, juu kafunika kanga zisirukiwe na maji. Hakutumwa na mtu wala hakulipwa hata senti. Wenye sanduku lao la posta kwetu walikuwa wa kuhesabu, wengine wote tulikuwa tunaandikiwa kwa S.L.P. ya shule kwa mkono wa mwalimu fulani, na shule ikifungwa barua nayo inalala mpaka wafungue. Yeye akasema hapana, andikeni kwa mkono wangu. Basi ikawa hivyo, unaandika "K.M. Bi Posta, Pangani" na inafika. Mjomba wangu aliyekuwa Mombasa aliwahi kuandika juu ya bahasha "Kwa mama yangu, nyumba yenye mkungu karibu na msikiti, ng'ambo, Pangani", jina hakuna, na bibi aliipata.

Mjomba huyohuyo ndiye aliyefia Mombasa, na habari ilikuja kwa telegramu. Siku hizo telegramu unalipia kwa neno, watu hawaandiki kafa lini wala kafa vipi, wanaandika MGONJWA SANA NJOONI na kila mtu anaelewa. Nilikuwa mdogo, tumekwenda na bibi pantoni kutafuta samaki, Bi Posta akashuka na bibi akamuuliza kama siku zote, mwanangu leo hujaniletea kitu? Akajibu mama twende nyumbani nikusindikize. Akampokea na samaki wake akabeba yeye. Njia nzima anamzungumzisha habari za mvua, za mihogo, za watoto wa jirani. Tulipofika akamtandikia mkeka, akanituma maji ya mtungini, akaagiza waitwe mabibi wawili wa nyumba ya pili, na walipokaa ndipo akaitoa ile karatasi. Hakuisoma. Alimshika bibi mkono akamwambia mama, ni ya Mombasa, basi bibi akajua. Alilala kwetu siku tatu, asubuhi anavuka kwenda kazini jioni anarudi msibani. Mimi telegramu hiyo sijawahi kuiona imeandikwaje mpaka leo, nakumbuka ule mkono tu.

Mambo yakabadilika, M-Pesa ilipoingia 2008 watu taratibu wakaacha kutumiana hela kwa posta, barua nazo zikaisha, yeye akastaafu. Lakini kijana wa kwetu akienda likizo kutoka Dar alikuwa anapita kwa Bi Posta kwanza kabla hajaweka begi kwao.

Arobaini yake ikaangukia Mfungo Mosi, siku ya Ijumaa. Kazi ilinibana, kwenda nisingeweza, nikaenda Kariakoo nikanunua juzuu seti nzima, zote thelathini, nikasema zisomewe hitma yake halafu zibaki madrasa ziwe sadaka yake. Jumatatu nikazipeleka kwa hawa watu, wakanihakikishia Jumatano ziko Pangani. Jumatano hakuna, Alhamisi asubuhi hakuna, napiga simu haipokelewi, napiga tena, mara ya sita sijui ya saba akapokea dada mmoja.

Akaniambia kaka sistimu inaonyesha mzigo umefika. Umefika wapi? Tanga. Nikamwambia mimi nimelipia Pangani. Akasema gari ya Pangani ikijaa itakwenda. Nikamwomba, kwa adabu kabisa, nikamweleza dada yangu hizo ni juzuu, kesho ni arobaini, watu wamealikwa. Akanijibu, "Sasa kaka, marehemu ana haraka gani?" Na nyuma yake nikasikia watu wanacheka.

Wallahi nilikaa na simu sikioni sikuwa na la kusema. Mtu mzima mimi nina watoto na machozi yakanitoka kwenye daladala.

Ijumaa wakaazima juzuu msikiti wa jirani na hitma ikasomwa, alhamdulillahi. Za kwangu zilifika Jumamosi. Na hapa niwe mkweli, boksi lilifika zima, halijaloa, halijafunguliwa, na yule kijana wa mizigo wa Pangani alivuka nalo mwenyewe mpaka kwetu bila kudai hata nauli ya pantoni. Kwa huyo kijana nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota tatu.

Halafu dada yangu wa kule nyumbani akanipigia analia. Akaniuliza, kaka, juu ya boksi umeandika jina la nani? Nikatoa risiti mfukoni nikaangalia. Nimeandika kwa mwandiko wangu mwenyewe K.M. Bi Posta. Mkono ulikwenda wenyewe, tangu nimehamia Dar sijawahi kuandika kitu cha nyumbani bila hayo maneno, chini yake ndio nimeweka namba ya simu ya dada.

Kwa hiyo labda walibabaika wampe nani. Inawezekana, nusu ya lawama naibeba, ingawa namba ilikuwepo na hakuna aliyeipiga. Kuchelewa nimeshasamehe. Nyota tatu nimezifuta nimeweka mbili, nimerudisha tatu, sasa hivi naandika hapa nimeweka moja, na ni ya kijana wa mizigo peke yake, kampuni wasijihesabie.

Wewe dada wa simu kama unasoma, huyo marehemu uliyemcheka, angekuwa ndiye karani na mimi ndiye niliyefiwa, angevuka na hilo boksi usiku huohuo kichwani kwake.