OEIS kwa kazi za Fibonacci: nyota nne, ukijua kuiuliza

Ukikutana na mfuatano wa namba usioujua asili yake, pa kuupeleka kwanza ni oeis.org, yaani OEIS, ensaiklopidia ya mtandaoni ya mifuatano ya namba kamili. Mwanahisabati Neil Sloane alianza kukusanya mifuatano hiyo mwaka 1964, na tangu 1996 imo mtandaoni. Kutafuta ni bure, huhitaji hata akaunti. Fibonacci, ambapo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia, utaikuta kwenye ukurasa A000045.

Namba huandikwa kwa koma katikati, na hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanaweka 1, 2, 3, 5, 8, 13 basi, kisha wanalalamika kuletewa rundo la majibu. Tovuti haina kosa. Itazame A005181, inayotokana na vipeo vya e (ile namba ya takriban 2.718) vinavyopanda kwa nusu nusu, kila jibu likisogezwa juu hadi namba kamili. Inakwenda 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55, pacha kabisa wa Fibonacci, halafu ghafla 91 badala ya 89! Kwa hiyo andika namba kumi na mbili kama unazo. Zile za mwanzo ziache, maana kila mtu huanzia anapopenda. Namba za Lucas, kwa mfano, zinazojumlishwa kama Fibonacci ila zikianzia 2 na 1, zina kurasa mbili: A000032 inaanza na 2, A000204 inaanza na 1. Ukiandika 3, 4, 7, 11, 18, 29, 47 zinatokea zote.

Mstari wa OFFSET, unaoonyesha nafasi zinahesabiwa kuanzia ngapi, usiuruke. A000045 inahesabu kuanzia sifuri, hivyo F(10) ni 55. Anayeihesabu ile 0 kuwa namba ya kwanza atapata 34 katika nafasi ya kumi, na programu yake itapishana hatua moja bila kuonyesha kosa lolote.

Kitu kitamu zaidi ni faili la b000045.txt, lenye namba hadi F(2000), ambayo ina tarakimu 418. Ila usilimimine tu kwenye Excel: inashika tarakimu 15, kwa hiyo kuanzia F(74), yaani 1304969544928657, tarakimu za mwisho zinageuka sifuri. Wakati wa kuingiza, chagua safu hiyo iwe maandishi. Ukitaka kujumlisha, tumia lugha ya programu ya Python, ambayo namba zake kamili hazina kikomo hicho.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya maoni ya A000045: ni marefu mno, Kiingereza kilichobanwa, na hayakupangwa kimada. Shuka moja kwa moja hadi FORMULA (kanuni) na PROG (programu za kompyuta).