Cambridge kwa siku moja: pesa niliipeleka mezani

Kama una siku moja tu ya kutoka London na unapenda kula vizuri, nenda Cambridge. Treni ya haraka kutoka King's Cross haimalizi saa nzima. Weka nafasi ya chakula kwanza, wiki kadhaa kabla, ndipo upange matembezi kwa kufuata saa ya mlo.

Wenye uwezo huenda Midsummer House, mgahawa uliotunukiwa nyota za Michelin, tuzo ya migahawa bora, kando ya mto Cam. Mimi na mume wangu tulichagua mgahawa mdogo wa hadhi, tena mchana, maana menyu ya mchana huwa nafuu kuliko ya usiku. Wakati wa kuweka nafasi tuliwaambia kwamba hatuli nguruwe wala hatunywi pombe. Hilo fanya mapema, usingoje mpaka ukae mezani. Jikoni walijipanga: kila sahani ililetwa na kinywaji chake, tufaha na majani ya mnanaa kwa samaki, kisha juisi ya zabibu nyekundu kwa bata. Huyo bata bado namkumbuka. Ngozi ilikuwa kavu ikivunjika kwa kisu, nyama nyekundu na laini, na mchuzi wa mifupa umechemshwa hadi ukang'aa na kunata midomoni. Kitindamlo kilizidi sukari. Kwenye bili utakuta ada ya huduma, mara nyingi asilimia 12.5. Kwa kawaida ni hiari, na huduma ikiwa mbovu omba iondolewe. Sisi tuliilipa yote, kwa sababu mhudumu alitueleza kila sahani bila kutuharakisha.

Baada ya hapo tulipanda mtumbwi bapa unaosukumwa kwa upondo, ukapita nyuma ya vyuo vya Chuo Kikuu cha Cambridge. Bei si ndogo, lakini lipa: bustani za vyuo na madaraja yake huonekana vizuri zaidi kutoka majini. Utaoneshwa daraja la mbao la Queens' College na pengine kuambiwa kwamba mwanasayansi Newton alilijenga bila msumari hata mmoja. Usiamini. Newton alifariki 1727, daraja lilijengwa 1749, na mbao zake zimefungwa kwa bolti.

Kanisa la King's College ndilo lililonishinda maneno. Mfalme Henry VI aliweka jiwe la msingi 1446, vita vya kugombea kiti cha ufalme vikakwamisha kazi, na dari ya mawe ikaja kukamilika 1515. Inua macho: mbavu za mawe zinapanda ukutani, zinachanua kama vipepeo vya ukili na kukutana katikati, bila nguzo hata moja chini yake. Kuingia mchana ni kwa tiketi. Wakati wa muhula, sala ya jioni inayoimbwa na kwaya yao ni bure, na hata asiye Mkristo hukaribishwa. Sauti za watoto wa kwaya hupanda mpaka darini na kukaa huko kitambo kabla ya kufifia. Wahi foleni.

Ukibaki na muda, makumbusho ya Fitzwilliam Museum nayo hayana kiingilio, na yana vyombo vya Misri ya kale na michoro ya kutosha kukumalizia saa mbili. Kwa kawaida hufungwa Jumatatu, na migahawa mingi ya hadhi nayo hupumzika mwanzoni mwa wiki, kwa hiyo chagua Alhamisi au Ijumaa.