Utabiri wa Ofisi ya Reno Wakati wa Dhoruba ya Ziwa Tahoe: Tathmini ya Huduma

Watu wanaopanga safari ya Ziwa Tahoe wakati wa baridi huulizana zaidi kuhusu nyumba za kulala wageni na kuhusu mlima upi una theluji nzuri ya kuteleza. Ninayoitathmini hapa ni huduma isiyouzwa popote, ambayo gharama yake hutoka katika kodi za wananchi wa Marekani: utabiri na maonyo yanayotolewa na ofisi ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa iliyoko Reno, mji wa jimbo la Nevada. Naipima kwa wiki iliyoitia kwenye mizani kweli kweli, ile ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi 2024, dhoruba ilipozifunga barabara za milima ya Sierra Nevada na kuviacha vijiji vinavyolizunguka ziwa vijitegemee kwa siku kadhaa. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji ajue ninakoelekea: sijapata kutumia utabiri mwingine unaoeleza kwa uaminifu namna hii kile unachokijua, kile usicho na hakika nacho, na muda uliobaki kabla ya mambo kuharibika.

Ili kuelewa kwa nini hilo ni jambo kubwa, ni lazima kwanza kuyaelewa mazingira yenyewe. Ziwa Tahoe liko mita 1,897 juu ya usawa wa bahari, kwenye mpaka wa California na Nevada, na limezungukwa na milima pande zote. Hewa yenye unyevu inayotoka Bahari ya Pasifiki hugonga safu ya Sierra Nevada, ikalazimika kupanda, ikapoa na kumwaga mzigo wake, hasa upande wa magharibi. Inapofika ufuo wa mashariki huwa imekwisha kupungukiwa, na inapoteremka hadi mji wa Reno huenda ikawa imebaki upepo na manyunyu tu. Zaidi ya hapo, tofauti ya mita mia chache za mwinuko inaweza kuamua kama barabarani kutakuwa na mvua, na nyumba zilizo juu kidogo tu ya barabara hiyo zikafunikwa na theluji ya kufika kiunoni. Mahali pa namna hiyo, picha moja ya wingu na nambari moja ya joto kwenye simu haimsaidii mtu kitu.

Ofisi ya Reno inalijua eneo lake, na ujuzi huo unaonekana katika kila inachokiandika. Mtumiaji anaweza kubonyeza sehemu yoyote kwenye ramani akapata utabiri wa mahali hapo penyewe, ukizingatia mwinuko wake, badala ya kupewa wastani wa mji mzima. Utabiri wa Tahoe City, ulio ufuoni, hautakuwa sawa na ule wa Donner Pass, njia ya juu inayokata milima, ingawa kwa gari katika siku ya jua ni mwendo mfupi tu. Nilipoulinganisha na programu maarufu ya simu ambayo wageni wengi huitegemea, na ambayo sitaitaja kwa jina, tofauti ilikuwa dhahiri tangu mwanzo wa wiki ile. Programu ile ilitoa nambari moja ya theluji kwa siku nzima, ikaibadilisha usiku, ikaibadilisha tena asubuhi, bila neno la kueleza sababu. Ofisi ya Reno ilitoa kiwango cha chini, kiwango kinachotarajiwa na kiwango cha juu, kisha ikaeleza ni kitu gani kingeusukuma utabiri upande mmoja au mwingine.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni maelezo ya watabiri, ambayo huandikwa na wataalamu wa zamu na kusasishwa mchana na usiku. Ni maandishi matupu, hayana rangi wala picha, na mgeni akiyaona mara ya kwanza huenda akayapita. Lakini humo ndimo mtabiri anaposema kwamba mifano ya kompyuta, yaani programu zinazokokotoa hali ya hewa ijayo, imeanza kukubaliana kuhusu saa ya kuingia kwa dhoruba, au kwamba bado inatofautiana kuhusu mahali ambapo mkanda mzito zaidi wa theluji utatua, au kwamba upepo wa vileleni unamtia wasiwasi kuliko theluji yenyewe. Mtu akiyasoma kwa siku kadhaa mfululizo huanza kuiona dhoruba inavyojengeka, na huacha kuchukulia kila badiliko la nambari kuwa ni kosa. Kwangu mimi hapo ndipo imani katika huduma hii ilipozaliwa, kwa sababu mtaalamu anayekuonyesha shaka yake anakupa nafasi ya kujiandaa kwa zaidi ya jambo moja.

Mfululizo wa maonyo katika wiki ile ulikwenda kwa mpangilio mzuri. Kwanza lilitolewa angalizo, lenye maana kwamba hatari inawezekana na watu waanze kufikiri. Baadaye likafuata onyo kamili la dhoruba ya upepo na theluji, lililoanza Alhamisi tarehe 29 Februari na kuendelea hadi Jumapili tarehe 3 Machi. Onyo la aina hiyo halitolewi kwa sababu tu theluji itakuwa nyingi. Linahitaji upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi, pamoja na theluji inayopeperushwa hadi mtu asione mbele ya mita 400, na hali hiyo idumu kwa angalau saa tatu. Kwa dereva, maana yake ni kwamba ataendesha asione ukingo wa barabara wala taa za gari lililo mbele yake, na akisimama atazikwa palepale. Kwenye migongo ya juu ya milima upepo ulipita kilomita 160 kwa saa. Siku ya Ijumaa barabara kuu ya Interstate 80 ilifungwa kuanzia Colfax hadi mpaka wa Nevada, na viwanja vikubwa vya kuteleza, Palisades Tahoe kikiwemo, vikasimamisha lifti zake.

Hapa kuna jambo ambalo nadhani halikutendewa haki. Habari zilizosambaa duniani kote zilichukua nambari ya juu kabisa ya utabiri, futi 10 za theluji, yaani kama mita 3, zikaitangaza kana kwamba ndiyo iliyotabiriwa kwa kila mtu. Wengine walipoona ufuoni theluji haikufika hapo, wakasema watabiri walitia chumvi. Anayesoma utabiri wenyewe alijua tangu awali kwamba nambari ile ilihusu maeneo ya juu ya milima, na kwamba kando ya ziwa kiasi kingekuwa kidogo zaidi. Eneo la Donner Pass lilipata zaidi ya mita 2, na kwa kipimo chochote cha haki utabiri ule ulikuwa umelenga.

Manufaa makubwa kabisa ya huduma hii katika wiki ile yalihusu muda. Kuanzia mwanzoni mwa wiki maonyo yalieleza wazi kwamba dirisha la kusafiri kwa usalama lingefungwa Alhamisi, kwamba Ijumaa na Jumamosi ndizo zingekuwa mbaya kuliko zote, na kwamba aliyetaka kuondoka aondoke mapema, na aliyetaka kubaki awe na chakula, mafuta, dawa na kuni za siku kadhaa. Sisi tuliokuwa ufuo wa magharibi tulikuwa na sababu ya ziada ya kusikiliza, kwa maana barabara ya 89 inayopita juu ya ghuba ya Emerald Bay hufungwa mara kwa mara kwa ajili ya maporomoko ya theluji, na ikifungwa, safari ya kwenda South Lake Tahoe huwa ni ya kulizunguka ziwa lote upande wa pili. Tulinunua mahitaji kabla rafu hazijaanza kubaki wazi. Tulijaza tangi la gari, tukaliegesha mbali na barabara ili lisiwazuie wenye magreda, tukachomeka fimbo ndefu zenye rangi kwenye kingo za njia ya kuingilia nyumbani. Fimbo hizo zilitufaa sana Jumamosi, kwani greda lilikuwa limeacha mdomoni mwa njia ukuta wa theluji iliyoshindiliwa, mgumu kama saruji, ambao beleshi liliudonoa tu bila kuutoboa, na bila fimbo tusingejua njia inaanzia wapi.

Maonyo hayakuishia barabarani. Ofisi hii hutoa pia tahadhari ya upepo ziwani, jambo ambalo wageni hulidharau kwa kudhani kwamba wakati wa baridi ziwa huwa limeganda. Ziwa Tahoe haligandi. Lina kina cha mita 501, na maji yake hutunza joto kiasi kwamba hata kwenye baridi kali hubaki wazi, isipokuwa barafu nyembamba inayoweza kujitokeza kwenye ghuba zilizojificha. Kwa hiyo upepo wa dhoruba hukuta uwanja mpana wa maji na kuinua mawimbi yanayopiga gati na maboya kama ya baharini. Mwenye chombo majini anahitaji kuambiwa hivyo mapema, naye aliambiwa.

Umeme ulipokatika ndipo nilipoithamini huduma ya redio ya hali ya hewa, ambayo ni sehemu ya huduma hiyohiyo na ambayo watu wengi hawajui hata kama ipo. Hutangaza saa zote kwenye masafa ya kati ya megahezi 162.400 na 162.550, na huhitaji redio maalumu kwa sababu redio za kawaida hazifiki huko. Yetu ni ndogo, ina betri na mpini wa kuzungusha kwa mkono. Sauti inayosoma ni ya kompyuta, haina hisia wala haraka, na hurudia taarifa zilezile hadi mtu anazikariri. Lakini intaneti ilipokuwa imezimika na mnara wa simu ukisuasua, sauti ile ndiyo iliyotueleza kwamba kilele cha dhoruba kilikuwa bado hakijapita, na kwamba tusihadaike na utulivu wa saa moja. Redio hizo zinaweza kupangwa zipokee onyo la kaunti moja tu, zikalala kimya hadi mlio wa tahadhari uziamshe, na hilo ni muhimu mahali ambapo kaunti za Placer, El Dorado na Washoe zinapakana kando ya ziwa moja.

Zipo kasoro, na sitazificha. Lugha ya maelezo ya watabiri imejaa istilahi za kitaalamu ambazo hazifafanuliwi palepale, na msomaji asiye na uzoefu hulazimika kukisia. Vipimo vyote ni vya inchi, futi na maili, jambo linalowatesa wageni wengi wanaotoka nje ya Marekani kuja kuteleza. Maonyo yenyewe ni marefu, na sehemu inayomwambia mtu afanye nini huwekwa mwishoni, wakati kwa maoni yangu ingetakiwa iwe mwanzoni. Vilevile ni lazima mtu ajue mipaka ya huduma hii. Haikwambii kama minyororo ya matairi inatakiwa barabarani. Hiyo ni kazi ya Caltrans, idara ya uchukuzi ya California, upande mmoja, na idara ya uchukuzi ya Nevada upande wa pili. Hatari ya maporomoko ya theluji milimani hupimwa na kituo cha Sierra Avalanche Center, kwa ngazi tano, na mtu anayepanda nje ya viwanja vilivyolindwa asidhani kwamba kukoma kwa onyo la dhoruba ni ruhusa ya kwenda, kwa kuwa mteremko uliobebeshwa theluji mpya na upepo hubaki hatari hata anga likiwa la buluu. Ningependa kurasa za ofisi ya Reno zimwelekeze msomaji huko kwa uwazi zaidi.

Kuna pia jambo moja ambalo ningetamani liongezwe katika kila onyo la theluji nzito: kukumbusha watu wasafishe theluji kwenye matundu ya kutolea hewa ya mitambo ya gesi ya kupashia nyumba joto. Matundu hayo yakizibwa, hewa ya kaboni monoksaidi hujaa ndani bila harufu wala rangi, na mgeni aliyepanga nyumba kwa wiki moja hajui hata yako upande gani wa ukuta. Vikosi vya zimamoto vya eneo hilo husisitiza jambo hilo, pamoja na kufukua mabomba ya zimamoto yaliyo karibu na nyumba, lakini sauti yao haifiki mbali kama ya utabiri.

Kwa mwenyeji wa Tahoe huduma hii ni ya lazima, na kwa mgeni naipendekeza kuliko programu yoyote ya simu niliyoijaribu. Aanze na utabiri wa mahali atakapolala hasa, bila kutosheka na jina la mji, asome kiwango cha chini na cha juu pamoja, kisha asome maelezo ya watabiri ya asubuhi na ya jioni hata kama hataelewa kila sentensi. Redio ainunue kabla hajapanda mlima, kwa sababu likishatolewa angalizo, madukani hutoweka mapema pamoja na mabeleshi na betri.