Uzoefu wangu kisiwani Run, Indonesia: dalali hana haya, wenyeji Mungu awabariki

Jina lake siliandiki, nataja kazi yake tu: dalali wa mji wa Ambon anayepanga safari za visiwa vya Banda, Run kikiwa kimojawapo, na papo hapo anakutafutia nyumba ya pwani. Mkiona mtu anauza vitu hivyo viwili kwa mkupuo mmoja, pitieni mbali. Wakati wa kupokea pesa ni kaka na dada kila neno. Ukishalipa, humjui.

Mimi na mke wangu ni Wapemba. Marehemu baba alikuwa akituhadithia kwamba mikarafuu iliyotulea asili yake ni Maluku, visiwa vya mashariki ya Indonesia ambamo Ambon na Banda zimo, mbegu ikapitia Mauritius na Réunion ndipo ikafika Unguja. Hamu ya kuiona Maluku nimekua nayo. Mke wangu yeye alitaka Banda hasa, kwa ajili ya kungumanga, maana kwa karne nyingi dunia nzima ilikula kungumanga ya visiwa hivi vidogo peke yake. Tulikuwa tunatafuta nyumba ya kukodi miaka michache, tuwe tunakwenda bahari ikitulia. Kukodi. Neno hilo tulilisema tangu ujumbe wa kwanza, na yeye akajibu hakuna shida.

Shida ilianzia bandarini Tulehu, kisiwani Ambon. Tulikuwa tumelipia boti ya kasi, na pepo za mashariki zilikuwa bado hazijalegea. Boti haikutoka. Bahari ya Banda ikichafuka haichezewi, hilo silaumu hata kidogo, mimi mwenyewe ni mtoto wa pwani. Ninacholaumu ni kwamba alijua tangu jana yake na akatuacha tukae juani na mizigo. Nauli hakurudisha. Tukapanda meli kubwa ya abiria kutoka Ambon kwa pesa yetu nyingine, na kusema kweli meli ile ilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea: watu wamejitandikia chini, watoto wanalala, mama mmoja hatujuani akatukatia embe. Alfajiri tukaingia Banda Neira, kisiwa kikuu cha Banda, na Gunung Api uko mbele yetu, mlima ule uliolipuka mwaka 1988, sasa umejaa kijani hadi karibu na kilele. Hasira zangu zikatulia kidogo. Nikamsamehe. Laiti nisingemsamehe.

Kutoka Neira hadi Run ni boti ya mbao. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita tatu hivi na upana haufiki moja. Ndicho Waingereza walichowaachia Waholanzi kwa mkataba wa Breda mwaka 1667, wao wakabaki na Manhattan. Dalali alituhadithia hilo njia nzima, na kila akilimaliza anaongeza kwamba ardhi ya hapa itapanda bei, kwamba tuwahi. Mke wangu akamuuliza swali moja tu: maji ya kunywa yanatoka wapi? Hakujibu. Run haina chemchemi. Watu wanaishi kwa maji ya mvua yanayokingwa kwenye matangi, na mtu anayetaka kukuuzia nyumba pale bila kukutamkia hilo si mtu wa kumwamini.

Nyumba tuliyoonyeshwa ilikuwa na paa la bati, kibaraza kinachotazama bahari, na mkungumanga nyuma. Niliipenda, siwezi kukataa. Ndipo akatoa karatasi. Kukodi kumeyeyuka, sasa ni kununua: hati iandikwe jina la binamu yake, sisi tupewe mkataba wa pembeni. Bahati nililijua jambo hili kabla sijapanda ndege. Sheria yao ya ardhi Na. 5 ya mwaka 1960 haimpi mgeni umiliki kamili. Mgeni anayeishi kihalali anaweza kupata haki ya kutumia, wao wanaita hak pakai, au akakodi. Ukijificha nyuma ya jina la mwenyeji, kifungu cha 26 kinasema mauziano ni batili, ardhi inakwenda serikalini, na pesa uliyotoa huwezi kuidai. Nikamwambia hivyo kwa upole. Akacheka, akasema kila mtu anafanya.

Mama mwenye nyumba tuliyofikia alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Akamuuliza dalali kwa kilugha chao, yeye akababaika. Baadaye mwanawe, anayejua Kiingereza kidogo, akatueleza: nyumba ile ni ya urithi, ndugu ni wengi, wengine wako Ambon, na hakuna aliyekaa na wenzake akasema inauzwa.

Asubuhi yake tulitakiwa kurudi Neira kuwahi meli. Boti za kijiji zinaondoka mapema kupeleka watu sokoni, na sisi tukaziacha ziende kwa sababu safari ya kurudi tulishamlipa yeye. Akaja kweli, na boti yake, ndani wamo wazungu wawili. Nikamkabidhi kijana wa boti begi la mke wangu. Dalali akalichukua begi lile mikononi mwa kijana, akalirudisha gatini, akasema mbele ya watu wote: "Nyinyi si wanunuzi. Siwezi kuchoma mafuta yangu kwa watu wasionunua." Mke wangu akamwambia, "Kaka, tumelipa." Hakumtazama hata usoni. Akamwashiria nahodha, injini ikawaka, wakaondoka.

Nimeishi mjini, nimetapeliwa na wauza simu, nimegombana na makondakta. Sijawahi kufanyiwa kitendo kile cha begi. Angetudanganya kwamba injini imekufa ningeumia kidogo. Alitutupa gatini mchana kweupe, na mke wangu akiwa pale, kwa sababu tumekataa kuvunja sheria ya nchi yake. Hadi leo nikikumbuka damu inachemka.

Meli ikatuacha. Na meli pale si daladala, ikishapita umebaki.

Sasa nilikuwa nimepanga kuandika kwamba msiende Run, ni mbali, umeme wa wasiwasi, maji ya kupimwa, usafiri wa kubahatisha. Yote ni kweli. Lakini siwezi kuiacha sentensi hiyo ikasimama peke yake, kwa sababu ya yule mama. Tuliporudi na mizigo hakuuliza kitu. Akaweka sufuria jikoni, akasema, "Meli itarudi. Kaeni mle." Samaki wa mchuzi wa kungumanga, bilinganya kwa mchuzi wa kenari, lozi za ile miti mirefu wanayoiacha iifunike mikungumanga kwa kivuli. Maji ya kuoga anayachota kwa kata, anatupimia sisi kwanza kisha watoto wake. Siku zile za nyongeza hakutaka kulipwa, ikabidi mke wangu amwachie mwanawe pesa.

Alimfundisha mke wangu kumenya basibasi. Ganda la nje likipasuka unakuta ule wavu mwekundu umeikumbatia kokwa nyeusi, unauvua taratibu kwa ncha za vidole usikatike, unauanika kwenye ungo. Uliovunjika bei yake inashuka. Tumeuona Pemba na Unguja maisha yetu yote, lakini kwa mkono wa mtu ambaye mazao hayo ndiyo ada ya shule ya watoto wake, mke wangu alifanya kazi ile kama anashika yai. Jioni akaniambia anataka kurudi. Nikashangaa kujikuta nakubali.

Kwa hiyo hukumu yangu imegawanyika. Ukitaka kununua, usinunue, sheria haikulindi. Ukitaka kukodi, nenda mwenyewe, kaa na wanafamilia wote na mkuu wa kijiji, uliza tangi la maji kabla ya kuuliza bei. Safari panga wakati bahari imetulia, mwezi wa kumi na wa kumi na moja au wa tatu na wa nne, kati ya Neira na Run panda boti za wenyeji, nauli mlipe nahodha mkononi.

Dalali nimemwandikia mara nyingi anirudishie nauli ya boti mbili. Anasoma, hajibu. Kama kuna Mswahili mwingine amepita mikononi mwake, aseme, tukamshitaki pamoja Ambon.