Ramani Mbili za Norman: Utabiri wa Moto na Dhoruba Machipuko ya Nyanda za Kusini

Kuanzia mwisho wa Februari hadi Juni, Nyanda za Kusini za Marekani, yaani Panhandle ya Texas (kipande cha kaskazini kabisa cha jimbo hilo), Oklahoma na Kansas, huishi na hatari mbili za tumbo moja: moto wa nyika upande wa magharibi, mvua ya mawe na tonado upande wa mashariki. Anayefanya kazi Amarillo, mji wa Panhandle, au anayeendesha lori kwenye barabara kuu ya I-40, ana huduma moja ya kufungua kila asubuhi kabla ya nyingine yoyote. Ni ya Storm Prediction Center, kituo cha serikali kilichoko Norman, Oklahoma. Ni bure, haina matangazo, na kurasa zake ni nyepesi hata kwenye simu yenye mtandao dhaifu. Kwa usahihi haina mshindani wa karibu. Kwa kueleweka na mtu wa kawaida, bado ina kazi.

Kosa la wengi ni kuishia kwenye ramani moja. Kituo hutoa ramani ya dhoruba na ramani ya moto kwa siku hiyohiyo, katika kurasa tofauti. Mgandamizo mdogo wa hewa unapotoka milima ya Rocky, huvuta hewa yenye unyevu kutoka Ghuba ya Mexico na hewa kavu kutoka nyanda za juu za New Mexico. Zinapokutana pana mstari wa ukavu. Mashariki mwake jasho halikauki mwilini, mawingu hujikusanya, na kati ya saa 9 alasiri na saa 12 jioni dhoruba hulipuka. Magharibi mwake upepo unashuka mteremko ukizidi kupata joto, na unyevu hewani hushuka chini ya asilimia 15. Mstari huo husogea mchana kutwa, hivyo mji mmoja unaweza kuamka upande wa unyevu na kufika alasiri upande wa moto.

Machi 14, 2025 ilionyesha hali hiyo waziwazi. Ramani ya moto iliipa Oklahoma daraja la juu kabisa, na zaidi ya mioto 130 iliripotiwa jimboni, ikiwemo iliyoteketeza nyumba Stillwater. Usiku wa siku hiyohiyo, mfumo uleule wa hewa ulileta tonado zilizoua watu Missouri, na kesho yake kituo kikaweka daraja la 5 la dhoruba, la juu kabisa, katika sehemu za Mississippi na Alabama. Aliyesoma ramani moja tu alikuwa na nusu ya habari.

Tuanze na ramani ya moto, kwa sababu ndiyo isiyosomwa. Ina madaraja matatu: Elevated, Critical na Extremely Critical. Critical ina maana upepo wa kudumu wa kilomita 32 kwa saa au zaidi, unyevu ulio chini ya kiwango cha eneo husika, na nyasi zilizo tayari kuwaka. Katika daraja la juu kabisa upepo hufika kilomita 48 kwa saa na unyevu hushuka zaidi. Ramani haisemi kwamba moto utatokea. Inasema cheche ikianguka, wazima moto hawataiwahi. Kwa hiyo siku ya Critical usichomelee chuma nje, usikate bomba kwa mashine ya cheche, usichome taka, usiegeshe gari juu ya nyasi ndefu (bomba la moshi lina joto la kutosha kuziwasha), na hakikisha minyororo ya trela haiburuzi lami.

Watu hudanganywa na mvua ya juzi. Nyasi nyembamba hukauka ndani ya saa moja au zaidi kidogo baada ya jua na upepo kurudi, kwa hiyo tope barabarani si ushahidi wa usalama. Na mwaka wenye mvua nyingi kiangazi si habari njema machipuko yanayofuata: umeotesha nyasi nyingi, baridi imezikausha, na sasa ni kuni. Hatari hupungua kweli nyasi mpya za kijani zinapochipua, jambo ambalo katika Panhandle linaweza kuchelewa hadi Aprili au Mei.

Kitu kimoja ambacho rangi za ramani haziwezi kuonyesha ni mgeuko wa upepo, na hapo ndipo maandishi yaliyo chini ya ramani yanapolipa. Moto wa Smokehouse Creek ulianza Februari 26, 2024 karibu na Stinnett, ukakimbizwa mashariki na upepo wa magharibi hadi ukawa ukanda mrefu mwembamba. Februari 27 hewa baridi iliingia na upepo ukageukia kutoka kaskazini. Ubavu wote wa kusini wa ule ukanda ukawa kichwa cha moto. Uliteketeza zaidi ya ekari milioni moja, moto mkubwa kuliko wote katika kumbukumbu za Texas. Ukisoma utabiri wa moto, tafuta kwanza saa ya kuingia kwa hewa baridi na upepo utakakogeukia. Njia ya kukimbilia huamuliwa na jambo hilo.

Ramani ya dhoruba ina madaraja matano: Marginal, Slight, Enhanced, Moderate na High. Maneno haya ndiyo udhaifu mkubwa wa huduma nzima. Slight kwa Kiingereza cha kawaida ni kitu kidogo, na mtu akiliona hupuuza; kumbe ni daraja la 2, na siku za daraja hilo tonado zimeshaua. Sahau maneno, soma namba 1 hadi 5. Kisha fungua ramani za asilimia, kwa sababu daraja ni muhtasari tu. Asilimia 5 ya tonado inatosha kuliweka eneo daraja la 2, ilhali asilimia 5 ya upepo ni daraja la 1 tu. Asilimia yenyewe ni uwezekano wa tukio kutokea ndani ya kilomita 40 hivi kutoka ulipo; si uwezekano wa paa lako kupigwa. Dhoruba huhesabiwa kuwa kali ikiwa na mawe ya kipenyo cha sentimita 2.5, upepo wa kilomita 93 kwa saa, au tonado.

Saa zake zimeandikwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na hapa msomaji wa Kiswahili ana nafuu. Siku ya utabiri huanza saa 12:00 UTC, ambayo kwa saa za kiangazi za Oklahoma ni saa 1 asubuhi, palepale siku yetu inapoanzia. Kwa saa hizohizo za Oklahoma, matoleo ya siku hiyo hutoka saa 7 usiku, saa 2 asubuhi, saa 5 na nusu asubuhi, saa 9 alasiri na saa 2 usiku. Ukiweza kusoma moja tu, soma la saa 5 na nusu: vipimo vya puto za hali ya hewa za asubuhi vimeshaingia, na bado una muda wa kubadili safari. La saa 7 usiku lisitumike kufanya uamuzi wa alasiri.

Utabiri hukosea zaidi kwa kile kifuniko cha hewa ya joto kinachokaa juu ya hewa yenye unyevu. Kikishikilia, siku ya daraja la 3 hupita na jua tupu. Kikivunjika mahali pamoja tu, dhoruba moja hupata chakula chote. Siku tupu za namna hiyo ndizo huwafanya watu waache kusoma, na si haki kuuhukumu utabiri wa asilimia kwa siku moja.

Kuna mtego mwingine katika ramani ya siku ya 4 hadi ya 8. Ikiandikwa Predictability Too Low, haina maana hakuna hatari. Maana yake watabiri hawakubaliani na mahali au siku. Inayosema hatari ni ndogo ni Potential Too Low. Maneno yanafanana mno, yangestahili kubadilishwa.

Utabiri wa msimu mzima hautoki Norman. Climate Prediction Center hutoa wake Alhamisi ya tatu ya kila mwezi, na aliyezoea mwelekeo wa Masika wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania, atayatambua makundi matatu: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Eneo jeupe halimaanishi msimu wa kawaida, linamaanisha hakuna upande ulioelemea. Kwa moto, utabiri wa kituo cha taifa cha moto kilichoko Boise, Idaho, unaotoka mwanzoni mwa kila mwezi na kutazama miezi minne, ni bora zaidi kwa sababu unahesabu na hali ya nyasi. Utumie kuamua lini ufyeke kuzunguka nyumba, si kuchagua siku ya harusi ya nje.

Baada ya ramani huja angalizo (watch) la Norman, la saa kadhaa kwa kaunti nyingi, kisha onyo (warning) la ofisi ya hali ya hewa ya eneo lako, ambalo kwa tonado kwa kawaida halifiki saa moja. Onyo la tonado hulia kwenye simu. Onyo la bendera nyekundu (red flag) la moto halilii. Lazima ulitafute mwenyewe, au usubiri amri ya kaunti ya kuhama, ambayo katika upepo wa kilomita 48 kwa saa inaweza kuchelewa. Ving'ora vya mjini vimewekwa kwa walio nje, visitegemewe chumbani usiku. Nunua redio ya hali ya hewa yenye betri, inayoshika masafa ya 162.400 hadi 162.550 MHz, na uiwekee msimbo wa kaunti yako ili isikuamshe kwa dhoruba ya watu wengine. Huduma hii haina toleo la Kiswahili. Kwa wazee nyumbani wasiosoma Kiingereza, bandika karibu na redio karatasi yenye maneno manne na maana zake: watch ni jiandae; warning ni jikinge sasa; red flag ni usiwashe chochote; evacuate ni ondoka.