CD ya Clara Schumann: muziki mtamu, kava limeniudhi

Haya wapendwa karibuni tena, leo nina CD hii hapa, ngoja niisogeze muione, ni Clara Schumann, mpiga piano na mtunzi wa Kijerumani, kazi mbili tu ndani, koncheto ya piano (piano ikipigwa na okestra) na trio (piano, violini na selo), jumla kama dakika 50 hivi.

Naanza na kava maana ndo limeniudhi. Ukigeuza nyuma kitu cha kwanza unachosoma ni kwamba alikuwa mke wa Robert Schumann. Jamani! Huyu mama kazaliwa Leipzig 1819, kapanda jukwaani Gewandhaus, ukumbi wa matamasha wa hukohuko Leipzig, ana miaka 9, yeye anajaza kumbi mpaka Vienna wakati huyo Robert kama mtunzi bado watu hawamjui kivile. Baba yake, Friedrich Wieck, ndo aliyemfundisha piano na ndo huyohuyo aliyekataa katakata kumuoza kwa Robert, wakafikishana mpaka mahakamani, ndoa ikafungwa tarehe 12 Septemba 1840, kesho yake bibi harusi anatimiza miaka 21.

Sasa muziki. Koncheto kaanza kuitunga ana miaka 13, akaipiga mwenyewe 1835 hapohapo Gewandhaus, mtunzi Mendelssohn akiongoza okestra. Nakuombeni sehemu ya pili msiiruke, okestra inanyamaza, inabaki piano na selo moja, zinapokezana taratibu kama watu wawili wamebaki barazani usiku wenzao wote wameshalala. Mimi hapo nimerudia mara nne na bado nataka.

Trio ni ya 1846 na kwangu ndo yenyewe hasa. Kaiandika ana watoto wanne wadogo, mume afya mgogoro, na nyumba yao mume akiwa anatunga yeye piano alikuwa haigusi asimsumbue, yaani mpiga piano mkubwa vile anasubiri zamu ndani ya nyumba yake. Sikiliza sehemu ya tatu, violini ikiingia utanielewa. Hapa lakini violini wameirekodi kama iko chumba cha pili, piano inaifunika, tumia hedifoni nzuri.

Kinachoniuma ni kwamba Robert alipofariki 1856 huyu mama karibu aache kabisa kutunga, ana watoto saba, akashika njia ya matamasha mwaka hadi mwaka, baadaye 1878 akaanza kufundisha chuo cha muziki Frankfurt, akafia hukohuko 1896. Wajerumani wenyewe walikuja kumuweka kwenye noti yao ya mark 100, sura yake mbele, piano nyuma, hawakuweka sura ya mume!

Kwa hiyo nunua, mimi naipa 8 kwa 10, moja nimekata kwa ile violini, moja kwa kava. Ukifika nyumbani anzia traki ya pili, zima taa kwanza.